Mtumbwi Mmoja, Kilomita 1,734

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa njia ya Mto Kongo ni kilomita 1,734. Mtu mwenye kasia, akisaidiwa na mkondo, huenda kilomita tano au sita kwa saa. Akipiga kasia saa nane kwa siku, tumpe kilomita 45. Gawanya, upate siku 38 na nusu. Weka 39, na hapo hujahesabu siku ya homa, siku ya dhoruba, wala siku ya kukaa kwenye benchi ukisubiri muhuri.

Kila baada ya muda huzuka kijana anayezipenda namba hizi. Zamani alitoka Ulaya au Marekani, siku hizi anaweza kutoka Nairobi au Kampala. Wazo lake ni lile lile: nitanunua mtumbwi Kisangani, nitashuka nao peke yangu, na safari hiyo itengenezwe filamu. Mtayarishaji akiletewa pendekezo hilo hujiuliza swali moja: je, kijana huyu anaweza kuibeba filamu ya hali halisi ya dakika 80? Wengi hujibu kwa kuangalia sura yake na idadi ya wafuasi wake mtandaoni. Mimi nimeamua kujibu kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na neno "peke yake", maana hilo ndilo ghali kuliko yote.

Anayesafiri peke yake hana wa kumpiga picha. Akiwepo wa kumpiga, basi hayuko peke yake. Kuna boti ya pili nyuma yake, na boti hiyo ina watu: nahodha anayeijua michanga ya mto, fundi wa injini, mpiga picha, mtu wa sauti, na mwenyeji mmoja anayezungumza Kiswahili hapa Kisangani na Kilingala huko chini, kwa sababu kadiri unavyoteremka Kiswahili kinapungua na Kilingala kinashika. Watu watano kwa siku 39 ni siku 195 za kazi. Tuwalipe kwa wastani dola 50 kwa siku, makisio yangu tu ili hesabu isogee, na jumla ni dola 9,750. Injini ndogo ya nje, ikitambaa nyuma ya mtumbwi, tuipe lita tatu kwa saa: lita 24 kwa siku, lita 936 kwa safari nzima, karibu mapipa matano ya lita 200. Kwa dola mbili kila lita, ni dola 1,872. Chakula cha watu sita kwa dola tano kila mmoja kwa siku, dola 1,170. Tumefika dola 12,792, na bado hatujakodi boti, hatujalipia kibali cha kupiga picha, hatujakata tiketi ya ndege, hatujazungumza na kampuni ya bima.

Kwa fedha hiyo, tunapata uso mmoja. Uso wa mtu anayepiga kasia.

Msomaji atasema: basi ajipige mwenyewe. Sawa. Saa mbili za picha kwa siku, siku 39, ni saa 78. Picha za ubora wa 4K zikirekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa, kwa hiyo ni gigabaiti 3,510, na kwa kuwa mtu mwenye akili mto huu hauvuki na nakala moja, ni terabaiti saba. Diski za terabaiti saba zinaingia kwenye mfuko wa shati. Upande huu gharama imeporomoka. Inakuja kupanda kwenye uhariri: mhariri akitazama saa sita kwa siku, anahitaji siku 13 kuzitazama picha zote mara moja tu, kabla hajakata chochote. Na katika kila dakika 58 alizopewa, anabaki na moja.

Je, katika saa 78 hizo kuna dakika 80 za mtu? Si za mto wala za machweo, maana machweo ya Kongo hata simu ya kawaida inayanasa. Nauliza za mtu.

Kisangani imeshawaona wengi waliojiita wapweke. Wa kwanza kwa umaarufu ni Henry Morton Stanley, ambaye jina lake lilikuwa la mji huu, Stanleyville, hadi 1966. Picha iliyobaki kichwani mwa watu ni ya mzungu mmoja na msitu. Namba zinasema vingine. Alipoondoka pwani ya Afrika Mashariki Novemba 1874 kulivuka bara, kitabu chake kinataja watu 356, shajara yake inataja 228. (Shujaa akifika kwa mchapishaji, hata wapagazi huongezeka.) Wazungu wenzake walikuwa watatu, ndugu wawili wa ukoo wa Pocock na Frederick Barker, na wote watatu walikufa njiani. Huko Maniema alimwajiri mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aje na mamia ya watu wamsindikize, kwa ahadi ya dola 5,000. Tippu Tip aligeuza mwishoni mwa Desemba 1876. Kisha yakaja maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, yenye urefu wa kilomita kama 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Aliyapita kuanzia tarehe 6 hadi 28 Januari 1877. Siku 22, yaani kilomita nne na nusu kwa siku, moja ya kumi ya mwendo niliompa kijana wetu hapo juu. Alifika Boma, karibu na mwisho wa mto, tarehe 9 Agosti 1877, baada ya safari maarufu ya siku 999, akiwa na watu wapatao 115.

Huo ndio upweke uliouza magazeti mawili makubwa ya London na New York yaliyogharamia safari.

Waliokuja baadaye walikuwa waaminifu zaidi, lakini hesabu yao haikubadilika sana. Mwaka 1995 Mmarekani Jeffrey Tayler alinunua mtumbwi Kisangani ili ashuke hadi Kinshasa. Hakushuka bila kiongozi wa njia wa hapa hapa, na Kinshasa hakuifikia kwa mtumbwi. Aliacha njiani, akaandika kitabu kizuri juu ya kushindwa. Mwaka 2004 Mwingereza Tim Butcher aliifuata njia ya Stanley kutokea Ziwa Tanganyika. Alibebwa kwa pikipiki, kwa mitumbwi ya watu na kwa vyombo vya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 akaja Phil Harwood, naye ni Mwingereza, aliyeteremka na mtumbwi kuanzia chanzo cha mto kule Zambia hadi baharini, kwa miezi mitano, kamera mkononi mwake. Katika wote huyu ndiye anayestahili neno "peke yake" kuliko wengine, na filamu yake ipo. Hata hivyo, kuna kipande cha mto kilichomtisha hadi akawakodi ndugu wanne wamlinde. Wanne kwa mmoja.

Simlaumu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kwenye mto huu upweke lazima uutengeneze. Na kuutengeneza ni kazi ya kukata watu nje ya picha.

Linganisha na bahari. Laura Dekker, msichana wa Kiholanzi, alitoka Gibraltar tarehe 21 Agosti 2010 akiwa na miaka 14, na akafika Sint Maarten tarehe 21 Januari 2012 akiwa na 16, baada ya kuizunguka dunia kwa jahazi lake liitwalo Guppy. Siku 518. Kamera alikuwa nayo mwenyewe, na kutokana na picha zile Jillian Schlesinger akatengeneza *Maidentrip*, filamu ya dakika 82 iliyotoka 2013. Piga hesabu: siku 518 ni saa 12,432, na filamu ni chini ya saa moja na nusu. Saa moja imebaki katika kila elfu tisa alizoishi. Na filamu imesimama! Imesimama kwa sababu mbili ambazo kijana wa mtumbwi wa Kisangani hana. Kwanza, kabla Dekker hajang'oa nanga alishindana na mahakama za nchi yake zilizotaka kumzuia, kwa hiyo mtazamaji anaingia akijua kuna kitu cha kuthibitisha. Pili, katikati ya bahari hakuna mtu wa kumtoa kwenye picha. Upweke wake haukuigizwa. Tunamwona akikua mbele ya kamera, akiwachoka watu, akiwakosa watu, akiwachoka tena.

Mto Kongo kwa upande wake ni barabara kuu. Ukishuka kutoka Kisangani utaonana na mitumbwi inayokuja kuuza samaki wa kukaushwa, mihogo, nyani wa moshi. Utapishana na magogo yaliyofungwa kuwa chelezo yenye familia nzima juu yake, moto unawaka, kuku wanatembea. Mtu akipita peke yake, swali la kwanza kutoka ukingoni ni, "Papa, uko na nani?" Akijibu kwamba yuko peke yake, anayeuliza humtazama kwa huruma. Kwa watu wa huku, aliye peke yake amepatwa na jambo: amefiwa, amefukuzwa, au ana kichaa. Ushujaa ndiyo maana ya mwisho watakayoifikiria.

Nenda pale kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, uone. Nguzo za miti zimesimikwa ndani ya matundu ya mwamba, zimefungwa kwa kamba za mwituni, na chini yake yananing'inia migono mikubwa yenye umbo la faneli, mdomo umeelekea mkondo. Mvuvi mmoja hupanda nguzo, akaning'inia kwa mkono mmoja juu ya maji yanayonguruma, akauvuta mgono hadi autazame ndani. Mara nyingi mna maji tu. Mpiga picha mgeni humkaribia huyo mmoja, akabana picha yake, akaondoka na shujaa. Ukirudi nyuma hatua tatu, unamwona wa pili anayeshika kamba, wa tatu aliyekaa kwenye mtumbwi chini kwa ajili ya atakayeanguka, na wengine juu ya mwamba wanaobishana nguzo ipi ibadilishwe kabla maji hayajapanda. Tumezoea kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa hata samaki mmoja hakivui.

Kuna hesabu nyingine isiyotajwa kwenye mapendekezo. Tarehe 7 Desemba 2010, kwenye mto Lukuga unaotoka Ziwa Tanganyika na kuingia Lualaba, maji yale yale yanayokuja kupita Kisangani, mamba alimnyakua Hendri Coetzee kutoka kwenye kayaki yake. Alikuwa Mwafrika Kusini wa miaka 35, mwenye uzoefu wa mito ya ukanda huu ambao wachache waliwahi kuufikia. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kuteremka Nile kutoka Ziwa Viktoria hadi Mediterania. Siku ile walikuwa watatu, yeye na Wamarekani wawili, na walisafiri karibu karibu makusudi. Filamu ya safari hiyo, *Kadoma*, ilitoka mwaka uliofuata, na ikawa filamu ya maombolezo. Mtayarishaji anayesaini mkataba na kijana wa miaka 22 anasaini pia uwezekano huo. Hakuna safu yake kwenye jedwali la bajeti.

Sasa upande wa pili wa daftari, na hapa nakiri nina upendeleo.

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984, akasoma mambo ya tiba kabla ya kushika kamera. Filamu zake zimekwenda Berlin, Paris, Toronto. Ile ya 2020, *En route pour le milliard*, iliingia kwenye uteuzi rasmi wa Cannes, ya kwanza kutoka Kongo kufika hapo. Urefu wa safari iliyomo ni ule ule tuliouanza nao: kilomita 1,734, Kisangani hadi Kinshasa, kwa maji.

Wasafiri wake ni majeruhi wa Vita vya Siku Sita, pale majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya Kisangani kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mji. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja mwaka huo huo ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Miaka karibu ishirini baadaye, baadhi ya waliobaki, wengine kwa magongo na miguu ya bandia, wanapanda boti kwenda kudai fidia mji mkuu. Mvua inapiga usiku, abiria wanajibana chini ya maturubai. Katika filamu nzima huoni mtu aliyekwenda "kujijua". Wamekwenda kudai.

Na kamera aliishika Hamadi mwenyewe. Hapo ndipo hesabu yangu inageuka. Tuseme watu wawili, kamera na sauti, wakate tiketi kama abiria wengine, boti itambae siku 21. Siku 42 za kazi dhidi ya 195. Kwa kipimo kile kile cha dola 50, dola 2,100 dhidi ya 9,750. Petroli ni ya mwenye boti. Usalama ni wa boti nzima. Na kila asubuhi unaamka kati ya mamia ya nyuso, kila mmoja ana sababu ya kuwa pale. Ukiupenda upweke, uweke nyuma ya kamera. Huko ni rahisi kwa bei, na humfanya mpiga picha asahaulike haraka.

Atakayepinga atasema mtazamaji anahitaji uso mmoja wa kushikamana nao, kundi humchosha. Ni kweli, na Hamadi anajua. *Maman Colonelle* ya 2017, dakika 72, inamfuata mtu mmoja: Kanali Honorine Munyole wa polisi, aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kuongoza kitengo cha kulinda watoto na wanawake waliotendewa ukatili. Ni mmoja, lakini watu hawamwachi hata dakika moja. Mlango wake unagongwa, simu inalia, wajane wanamsubiri kwenye benchi. Mmoja na mpweke ni vitu viwili tofauti, na mapendekezo mengi ninayoyasikia yanavichanganya.

Kama shida ni ujana, nao upo. *Examen d'État* ya 2014 ilipigwa Kisangani. Wanafunzi wanafukuzwa darasani kwa kushindwa kulipa ada ya walimu, wanapanga nyumba moja, wanalala sakafuni, wanajiandaa wenyewe kwa mtihani wa taifa. Mmoja wao anabeba mizigo sokoni ili aishi. Hakuna mamba, hakuna maporomoko. Hatari ni karatasi ya majibu, na nilipoitazama nilikaza meno kuliko katika filamu yoyote ya kayaki.

Hata anayesafiri peke yake kweli kweli anapatikana hapa bila kuletwa na ndege. Wakati wa vita, magari yalipokwisha, Kisangani iliendeshwa kwa toleka, teksi za baiskeli zenye kiti cha sponji juu ya kerea. Nje ya mji wako wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba vidumu vya mawese, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aongoze akiwa pembeni, maana mzigo haumwachii nafasi ya kupanda. Wanakwenda hivyo siku kwa siku kwenye njia za msituni. Msukumaji kama huyo ana mtaji wote mbele yake, deni nyuma yake, na kilima kinachofuata. Akianguka, mawese yamemwagika na mwaka umemwagika. Kijana wa mtumbwi akichoka, ana namba ya ubalozi kwenye simu.

Nadhani hapo ndipo kipimo kilipo. Muulize mhusika: ukiacha kesho, utapoteza nini? Dekker angepoteza kesi aliyoishinda kwa taabu. Majeruhi wa Kisangani wangepoteza madai ya miaka ishirini. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda iilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, kwa mafungu ya milioni 65 kwa mwaka, na fungu la kwanza lililipwa mwaka huo huo. Ile boti ilikwenda na kitu cha uzito huo. Jasiri ambaye akiacha anapoteza picha za ukurasa wake tu, dakika 80 ni nyingi kwake. Mpe nane.

Basi jibu langu kwa mtayarishaji ni hili. Kijana anayetaka boti ya pili imfuate, mkatalie, hesabu haimbebi. Mwenye kamera mkononi mwake na jambo analolidai huko mbele, mpe diski mbili za uhakika na umngoje na saa zake 78. Lakini kabla hujamsainia yeyote, shuka bandarini Kisangani uulize boti inayofuata ya Kinshasa inaondoka lini. Hawatakutajia saa. Watakuambia: ikijaa.